Fumbo likikushinda leo, lirudie kesho

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika mafumbo. Mtoto wa Kiswahili, kabla hajajua kusoma, huwa keshategewa vitendawili na bibi yake, na akishindwa hutakiwa atoe mji. Katika desturi hiyo ya kutoa mji imo hekima ambayo aghalabu hatuitazami. Aliyeshindwa hafukuzwi barazani. Hutoa mji, akapewa jibu, akalishika, na kesho yake huwatega wenzake kwa kitendawili kilekile kilichomshinda yeye. Jana kilikuwa aibu yake. Leo ni mali yake.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza juu ya mafumbo ya namna nyingine, mafumbo ya mchezo wa sataranji, ambao vijana wa siku hizi wauita chesi. Hivi karibuni nilikuwa Nairobi, nikapata nafasi ya kukaa na vijana wa mtaa wa Olympic, huko Kibera, wanaojifunza mchezo huo. Sikwenda kutazama mashindano. Nilikwenda kutazama jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi mtu anavyoshindwa akiwa peke yake mbele ya fumbo, na afanyalo baada ya kushindwa.

Fumbo la sataranji ni hali iliyopangwa ubaoni, kete kadhaa za weupe na kadhaa za weusi, ukaambiwa: ni zamu yako, tafuta njia ya kushinda. Njia ipo, na mara nyingi ni moja tu. Msomaji anayejua bao letu la kete hatapata taabu kuelewa, kwani mcheza bao naye huhesabu kete kichwani kabla mkono haujagusa shimo. Tena michezo hii miwili imefanana kwa namna ya ajabu. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32.

URITHI WA BAGHDAD

Wako wanaodhani kwamba mafumbo haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mchezo wenyewe ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na ni katika Baghdad ya Bani Abbas, katika karne ya 9 na ya 10, ndipo wataalamu walipoanza kuyakusanya mafumbo ya sataranji na kuyaandika vitabuni. Waliyaita mansuba, yaani hali iliyosimamishwa makusudi. Hata neno mati, litumikalo duniani kote mchezo unapokwisha, ni lile lile la "shah mat", mfalme kashindwa.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa al-Adli, bingwa wa zama zake, ambaye alishindwa na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala tangu mwaka 847 hadi 861. Baadaye akatokea Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda al-Mawardi katika baraza la Khalifa al-Muktafi, na jina lake likawa mfano wa ustadi. As-Suli alifariki Basra yapata mwaka 946. Katika mafumbo aliyoyaacha limo moja ambalo leo huitwa Almasi ya as-Suli. Ubaoni hamna kitu ila wafalme wawili na mawaziri wawili, na waziri wa zama zile alikuwa mnyonge, akienda mraba mmoja tu kwa mshazari. Juu ya uchache huo wa kete, mwenyewe alijigamba kwamba hapana awezaye kulifumbua ila wale aliowafundisha yeye. Ikapita miaka zaidi ya elfu moja. Ndipo katika miaka ya 1980 bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua. Mzee huyo alifariki Mei 2022, akiwa ametimiza miaka 100.

Basi msomaji, ukishindwa na fumbo kwa dakika ishirini, usijidharau. Liko lililowashinda watu miaka elfu.

MTAA WA OLYMPIC

Kibera iko kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, nayo imepasuliwa na reli. Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Walioliita hivyo ni askari wa Kisudani wa jeshi la Kiingereza waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu wao wapo hadi leo, wakisali Makina na kwingineko. Olympic iko kando ya barabara ya Kibera Drive, penye kituo cha matatu, nayo yajulikana sana kwa Shule ya Msingi ya Olympic, iliyopata sifa nchi nzima kwa matokeo ya mtihani wa KCPE zama mtihani huo ulipokuwapo. Mtu wa Mombasa atatabasamu akisikia kwamba karibu na hapo upo mtaa uitwao Fort Jesus.

Vijana niliowaendea hukutana baada ya alasiri katika chumba cha mabati nyuma ya kibanda cha fundi wa simu. Fundi huyo, mtu wa makamo ya miaka thelathini na kitu, ndiye mwalimu wao. Vifaa vyao ni mabao mawili ya plastiki, simu chache ambazo hupokezana, na daftari moja kwa kila mtu. Mafumbo huyapata katika programu ya bure iitwayo Lichess, iliyoanzishwa na kijana wa Kifaransa mwaka 2010. Humo mna mamilioni ya mafumbo yaliyochukuliwa katika michezo iliyochezwa na watu kweli. Ukifumbua unaongezwa alama, ukikosa unapunguzwa. Alama hizo ndizo furaha ya vijana, na ndizo pia zinazowatoa machozi.

Siku niliyofika, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu hivi, mwana wa Kinubi, alikuwa ameketi pembeni na mtandio wake ameuvuta usoni.

"Asalaam aleikum, babu," aliniamkia kwa sauti ndogo.

"Waaleikum salaam, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Nimeanguka, babu. Jana jioni nilikuwa na alama elfu moja mia saba na arobaini. Kufika saa nne usiku nimebaki na elfu moja mia tano na sitini. Kazi ya miezi mingi yote imekwenda kwa usiku mmoja."

Nilimwuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba alikosa fumbo moja alilolijua, akaona uchungu, akajiambia kwamba alama zile atazirudisha kwa fumbo la pili. La pili nalo akalikosa. La tatu akalijibu bila ya kulitazama vizuri. Mama yake alipomwambia azime taa akajifunika shuka, akaendelea humo humo gizani. "Kila nikikosa nasema moja tu, nirudishe, halafu nilale," alisema.

Fundi aliyekuwa akifungua simu ya mteja akaiweka chini. "Mzee wangu," aliniambia, "neno hilo la nirudishe nalijua mimi. Nimelisema miaka miwili."

Kisha akaeleza, mbele ya wanafunzi wake na bila kificho, jinsi alivyokuwa akicheza kamari ya mpira kwa simu. Kila jioni alipoteza, na kila jioni alitia fedha nyingine ili azirudishe zile za kwanza. Mwisho aliuza vyombo vyake vya kazi, hata chuma cha kulehemu, akabaki fundi asiye na nyundo. "Fedha ziliponiishia, shauku haikuisha," alisema. "Ndipo nikajua ugonjwa haukuwa katika fedha. Ulikuwa katika kukataa kwamba jambo lililokwisha limekwisha. Sasa huyu mtoto hakuweka hata senti. Lakini usiku wa jana alikaa kama nilivyokuwa nikikaa mimi."

HATUA SAHIHI, WAKATI USIO WAKE

Maneno hayo yalinigusa, nikabaki nione atamfanyia nini mtoto yule. Hakumpa nasaha ndefu. Alimwambia aweke simu mbali, akalipanga ubaoni lile fumbo la kwanza kabisa lililomkosesha.

Nalieleza hapa, kwa sababu lafundisha. Mfalme mweusi amejibanza pembeni, mraba wa h8. Mbele yake wamesimama askari wake wawili, g7 na h7. Ngome yake iko f8, na malkia wake d8. Upande wa weupe, farasi yuko h6, na malkia yuko c4, akiangalia kwa mshazari mpaka g8. Zamu ni ya mweupe.

Mwenye haraka huona mara moja kwamba farasi akiruka f7 mfalme atatishwa. Ndivyo alivyofanya msichana wetu. Lakini ngome ya f8 yamla farasi, na mati imepotea. Jibu lenyewe ni kumpeleka malkia g8, ubavuni mwa mfalme, atolewe mhanga. Mfalme hawezi kumla, kwa kuwa farasi wa h6 anaulinda mraba huo. Ngome haina hiari, lazima imle. Na ikishamla imetoka f8 na kumziba mfalme wake njia. Sasa farasi aruka f7. Mfalme ametishwa, hana pa kwenda, amezungukwa na watu wake mwenyewe. Mati. Ujanja huu ni wa kale; umo katika kitabu alichokitoa Mhispania Lucena mwaka 1497.

Msichana aliutazama ubao ule kwa muda, mikono chini ya mapaja kama alivyofundishwa, ili asiguse kete kabla ya kufikiri. Mimi nilisikia matatu zikipiga honi barabarani na mtu akiuza mahindi. Baada ya kama dakika kumi akamwinua malkia, akamweka g8.

"Farasi nilimwona tangu jana," alisema. "Ila nilimtanguliza."

Basi ndugu msomaji, tazama alilokosa. Hakukosa kuiona hatua ya kumaliza. Aliiona, akaicheza kabla ya wakati wake. Fundi akamwambia afungue daftari aandike, wala si jibu tu, bali na sababu ya kukosa. Nilipoomba kulitazama daftari lile, nilikuta sababu zake ni tatu nne tu zinazojirudia: niliona cheki nikaicheza, sikutazama kete yake inaweza kufanya nini, nilichoka. Zaidi ya nusu zilikuwa neno moja: haraka.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kuandika. Usiku ule alijiona amekosa kila kitu na kwamba hana akili ya mchezo. Daftari lilimwonyesha kwamba hana makosa mengi. Ana machache, yenye majina, na chenye jina hutafutiwa dawa.

KANUNI ZA FUNDI

Kanuni za chumba kile ni tatu, zimeandikwa kwa kalamu nene katika karatasi iliyobandikwa ukutani. Ya kwanza: ukikosa mara mbili mfululizo, weka simu chini, simama, unywe maji. Ya pili: andika ulichokosa na kwa nini. Ya tatu: kesho, kabla ya fumbo jipya, fumbua la jana.

Nilimwuliza fundi alizitoa wapi. Akasema mbili za kwanza alijifunza katika kuiacha kamari, na ya tatu katika kazi ya simu. Simu iliyomshinda leo huiacha mezani usiku kucha. Asubuhi macho huona waya uliokatika.

Kanuni hiyo ya tatu imetiliwa nguvu na wataalamu. Mholanzi Adriaan de Groot aliwachunguza wachezaji wakubwa na wadogo, akatoa kitabu mwaka 1946. Alikuta kwamba mabingwa hawahesabu hatua mbele kwa umbali mkubwa kupita wengine kama watu walivyodhani, bali huona upesi zaidi kilicho muhimu. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaendelea na jambo hilo. Waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa alizikumbuka kete nyingi kuliko wengine. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, pasipo mpango wa mchezo, bingwa alikuwa karibu sawa na mwanafunzi. Maana yake ni kwamba bingwa hakuzaliwa na kichwa kikubwa. Ameziona hali za mchezo mara nyingi, hata zimekuwa kwake kama nyuso za jirani zake.

Na nyuso hujulikana kwa kurudiwa. Wasweden wawili, Axel Smith na Hans Tikkanen, waliandika kitabu mwaka 2018 juu ya mazoezi waliyoyapa jina la ndege kigong'ota, yule atoboaye mti kwa kudonoa pale pale. Huchukua mafumbo mengi, wakayafumbua. Kisha wakarudi kuyafumbua yale yale kwa muda mfupi zaidi, na tena, na tena. Tikkanen, baada ya mazoezi hayo, alitimiza katika majuma saba ya mwaka 2010 matokeo matatu yanayotakiwa ili mtu apewe cheo cha bingwa mkuu. Wahenga wetu walikwisha kulinena: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

MFANO WA JIRANI

Kama mfano wa Ulaya uko mbali, upo wa jirani. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto wa kimaskini sataranji, na miongoni mwao alikuwamo Phiona Mutesi. Mwaka 2010 msichana huyo alikwenda kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Watu wengi wamjua kwa filamu ya mwaka 2016, ambamo Lupita Nyong'o wetu wa Kenya aliigiza nafasi ya mama yake. Filamu hukumbukwa kwa shangwe. Wachache hukumbuka kwamba kule Urusi Phiona alishindwa michezo mingi kuliko aliyoshinda. Alirudi Katwe, akaendelea na mazoezi, na mwaka 2012, katika mashindano kama hayo mjini Istanbul, alipata alama zilizompa cheo cha kimataifa cha wanawake. Angeyahesabu yale ya mwaka 2010 kuwa deni la kulipwa kwa hasira, au aibu ya kufichwa, hapana ambaye angelijua jina lake leo.

Najua wako wasomaji watakaouliza: je, mchezo wenyewe wafaa? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu pwani tuifuatayo, sataranji ni makruhu wala si haramu, maadamu hapana kamari ndani yake wala haimpitishii mtu wakati wa Sala. Na wako maulamaa wa madhehebu nyingine walioikataza. Aliye na shaka amwulize shehe wake. Mimi nalotaka kulisema ni kwamba masharti hayo mawili, ukiyatazama, yanamlinda mchezaji na jambo lile lile fundi alilolikimbia. Mtu asiyeweza kusimama adhana ikiadhiniwa, hata kama hakuweka senti, mchezo umekwisha kumchukua.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayefumbua mafumbo haya asimwulize kila siku, "Una alama ngapi?" Swali hilo ndilo linalompeleka chini ya shuka usiku. Amwulize, "Leo ni lipi lililokushinda, na kwa nini?" Mtoto akijibu swali hilo bila ya kuona haya, amefaulu, hata kama alama zake zimeshuka. Alama za simu hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na hapana aliyewahi kuyafukuza maji kupwa yasipwe. Yaliyopwa yatajaa kwa wakati wake, ikiwa mtu hakuacha kazi.

Na mtu mzima naye, ambaye fumbo lake si la ubaoni, bali ni la biashara iliyoanguka, au mtihani alioukosa, au shamba lililoungua, namwusia vivyo hivyo: usiku ule wa hasara usiamue jambo. Simama, unywe maji, andika kilichotokea, ulale. Asubuhi urudi pale pale ulipokosea, wala si mahali pengine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili hulitazama kwanza lile koleo, ajue limevunjikia wapi.